Nyimbo bora za Queen kutoka ya kumi mpaka ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali sijayatunga mimi. Ni yale yale mwaka nenda mwaka rudi, wengine wanauliza kwa upole wengine kwa matusi, basi nimeona niyajibu pahala pamoja ili mtu akiuliza tena nimwambie nenda kasome. Kama jibu lako hulioni huku juu shuka, ugomvi wote uko chini.

## Ya mwanzo mwanzo

Queen ni kina nani? Nielezee kama mtu asiyejua kitu

Bendi ya roki ya London, watu wanne: Freddie Mercury sauti na piano, Brian May gita, Roger Taylor drams, John Deacon besi. May na Taylor walikuwa na bendi yao ikiitwa Smile, mwimbaji akajiondokea, na Freddie ambaye alikuwa rafiki yao na mtoa ushauri asiyeombwa akaingia 1970 akaibadilisha mpaka jina. Deacon akaja 1971. Tokea hapo hakuna aliyetoka wala aliyeingia mpaka Freddie alipofariki tarehe 24 Novemba 1991. Albamu ya kwanza ni ya 1973, na za studio zote ni 15 ukihesabu Made in Heaven ya 1995 ambayo wenzake waliimalizia yeye keshakufa.

Sasa shika kitu kimoja maana chini nitakitumia sana: wote wanne walikuwa watunzi. Sio Freddie anatunga halafu wengine wanapiga tu, hapana, kila mmoja wao ana hiti kubwa aliyoiandika mwenyewe. Ndo maana orodha za mashabiki hazifanani hata siku moja, unadhani unapanga nyimbo za bendi moja kumbe unapanga kazi za watu wanne wenye tabia tofauti kabisa.

Haya orodha yenyewe iko wapi?

Hii hapa, naanzia chini.

Ya kumi ni Innuendo (1991), dakika sita na nusu, katikati gita la Kihispania linapigwa na Steve Howe wa bendi ya Yes aliyekuja studio kuwasalimia tu. Ya tisa I Want to Break Free (1984). Ya nane '39 (1975), najua wengi hamuijui, imejibiwa chini peke yake. Ya saba Killer Queen (1974), wimbo wa dakika tatu ambao ndani yake kuna vitu vya albamu nzima, na uliowafikisha namba 2 Uingereza watu walipokuwa bado wanawaona ni bendi ya makelele na nywele ndefu. Ya sita Another One Bites the Dust (1980). Ya tano Don't Stop Me Now, imo kwenye albamu Jazz ya 1978 ila kama singo ilitoka 1979.

Ya nne The Show Must Go On (1991). Ya tatu Under Pressure (1981) waliyofanya na David Bowie. Ya pili Bohemian Rhapsody (1975). Ya kwanza Somebody to Love (1976).

Naam. Umesoma vizuri. Shuka kwenye ugomvi.

Unapimaje sasa, au unaandika tu kinachokujia?

Mimi ndo muosha vyombo wa usiku nyumbani kwangu. Simu naiegemeza kwenye dirisha la jiko, spika ya simu ile ile mbovu, naweka nyimbo. Wimbo ukinifanya nisimame na sahani mkononi huku bomba linamwaga maji, umepita. Video haimo, filamu haimo, uwanja uliojaa watu haumo, harusi uliyouchezea haimo. Ni wimbo na mimi na sufuria la wali lililoganda.

Halafu najiuliza la pili: kuna bendi nyingine ingeweza kuutoa wimbo huu? Kama ipo unashuka, hata uwe mtamu vipi. Crazy Little Thing Called Love ilishika namba 1 Marekani, Freddie aliitunga akiwa ndani ya beseni la kuogea hotelini Munich, naipenda, lakini ile ni salamu kwa Elvis na watu wengi wangeweza kumsalimia Elvis. Haikuingia.

Mke wangu anasema huu sio mtihani huu ni kisingizio cha kumaliza maji ya tangi.

Nina saa moja tu, nianze na nini?

Anza na albamu A Night at the Opera ya 1975, isikilize mwanzo mpaka mwisho usiruke. Ina Bohemian Rhapsody, ina '39, ina You're My Best Friend ya Deacon, ina Love of My Life, ina Roger Taylor anauimbia gari mapenzi, ina The Prophet's Song ya dakika zaidi ya nane. Ukitoka hapo hujapenda chochote, basi sio kosa lako wala lao.

Kwani Greatest Hits haitoshi?

Inatosha kwa safari ya basi. Ile ya 1981 ina nyimbo 17 na ndio albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza, imepita nakala milioni 7, kwahiyo siwezi kuidharau. Ila toleo la Uingereza halina Under Pressure kwasababu ulikuwa bado mpya, halina Love of My Life, halina '39, na la 1991 na 1984 hakuna lililomo. Nusu ya kumi zangu huzipati humo. Mtu anayepanga nyimbo za Queen kwa Greatest Hits peke yake ni kama mtu anayeijua Unguja kwa Forodhani.

## Ugomvi

Kwanini Bohemian Rhapsody sio ya kwanza? Una akili sawasawa?

Hili ndo swali namba moja duniani. Kwanza niseme kwamba namba 2 sio tusi.

Nikupe haki yake kamili. Ule wimbo hauna kiitikio hata kimoja. Unaanza kwa sauti tupu, unakuja piano na kijana anayemuungamia mama yake, unakuja gita, halafu ghafla opera, halafu roki ya kuvunja shingo, halafu unazima taratibu kama taa ya chemli. Dakika 5 na sekunde 55. Walianza kuurekodi Rockfield, studio ya shambani huko Wales, na ile sehemu ya opera peke yake iliwala kama wiki tatu maana ni Freddie, May na Taylor watu watatu tu wakijirundika sauti juu ya sauti, tepu ikapita kwenye mashine mara nyingi mpaka ikawa nyembamba unaona upande wa pili. Wakubwa wa kampuni wakasema redio haitopiga wimbo mrefu namna hii. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio akaupiga mara 14 wikiendi moja. Ukakaa namba 1 Uingereza wiki tisa, na Freddie alipofariki ukarudi namba 1 tena wiki nyengine tano. Mara mbili namba moja ya Krismasi, wimbo ule ule.

Sasa kwanini ya pili? Kwasababu mtihani wa vyombo. Bohemian Rhapsody nikiusikia nastaajabu, na kustaajabu ni kitu kizuri, lakini nastaajabu kama mtu anayeangalia mlango wa nakshi: nauona ufundi, nausifia, napita. Somebody to Love haunipi nafasi ya kusifia, umeshaniingia kabla. Na pia, ukweli tu, Bohemian Rhapsody umetumika mpaka umechoka, karaoke, matangazo, watu wakilewa wote wanakuwa Galileo, lile jina linaloitwa kwenye opera. Sio kosa lake lakini sahani haisimami tena.

Somebody to Love ina nini khasa?

Ina kwaya nzima ambayo haipo. Unaposikia lile kundi la watu kama mia wanamjibu Freddie, ni watu watatu wale wale wamejirekodi safu kwa safu, Deacon hakuwa mwimbaji. Freddie alikuwa anampenda mno Aretha Franklin na hapo alikuwa anatafuta injili ya makanisa ya watu weusi Marekani, na badala ya kuiga sauti zao akaiga ule muundo wa mtu mmoja analalamika na umati unamjibu. Anamgombeza Mungu jamani. Nimefanya kazi, nimesali, mbona hunipi mtu? Hilo ndo swali la wimbo, na haujibiwi.

Kingine, piga makofi ukiusikiliza. Utakuta unahesabu sita, yaani ule mwendo wa kuyumba ambao mtu wa pwani aliyekulia na chakacha anaujua kiunoni kabla ya kichwani. Sisemi Freddie aliutoa huku, injili ya Marekani imejaa mwendo huo huo. Nasema tu kwamba bibi yangu, ambaye muziki wa gita zito ulikuwa unamuudhi, huu alikuwa anautikisia kichwa.

Halafu pale karibu na mwisho vyombo vinanyamaza, zinabaki sauti tu zinarudia mstari mmoja, zinaanzia chini zinapanda zinapanda. Ndo hapo sahani inaposimama, kila mara, na nshausikia labda mara elfu.

We Will Rock You na We Are the Champions umeziacha kumi bora? Kweli?

Nimeziacha. Lakini soma kwanza.

Hizi mbili zilitoka pamoja 1977, upande huu na upande huu wa singo moja, na zina asili moja. Walipiga shoo Bingley Hall, Stafford, na watu badala ya kwenda nyumbani wakabaki kuwaimbia bendi, You'll Never Walk Alone, ule wa mashabiki wa mpira. May na Freddie wakaondoka kila mtu na wazo lake la wimbo ambao umati utakuwa ni sehemu ya bendi. May akaja na mguu mguu kofi, Freddie akaja na Champions.

We Will Rock You hauna drams. Ni watu wanakanyaga mbao na kupiga makofi, wakajirekodi mara nyingi, na May ambaye ni mtu wa fizikia akazichelewesha nakala kwa vipimo vya namba tasa ili zisije zikalingana zikasikika kama mwangwi, zisikike kama umati uliotapakaa, wengine karibu wengine mbali. Gita lenyewe linangoja mpaka karibu na mwisho. Ni akili kubwa mno. Lakini ule ni wimbo uliojengwa ukiwa na kiti kitupu ndani yake, na kiti hicho ni cha watu elfu hamsini. Jikoni kwangu niko mimi peke yangu. Nakanyaga, jirani wa chini anagonga dari, basi.

Champions naiweka ya 12. Watu wanasema ni ya majivuno, mimi naisikia ni ya mtu aliyepigwa sana.

Mbona Deacon ana nyimbo nyingi kwenye orodha yako kuliko May?

Umehesabu! Deacon ana I Want to Break Free na Another One Bites the Dust, na ile besi ya Under Pressure. May ana '39 na sehemu kubwa ya The Show Must Go On. Kwahiyo ni karibu sare, ila nakubali nina huruma na mabubu.

Deacon ndo mdogo wao kwa umri, mtu wa elektroniki, aliokota saketi kwenye pipa la taka la ujenzi akatengeneza ampilifaya ambayo May ameitumia miaka yote. Haongei. Alikuwa anatunga kidogo kidogo, na alipotoa alitoa. Another One Bites the Dust vyombo vingi kapiga yeye mwenyewe, Taylor mwanzo hakuipenda, Michael Jackson alipoisikia kwenye shoo ndo akawaambia itoeni singo nyie, ikakaa namba 1 Marekani wiki tatu. Mwendo wake unaangukia kwenye ule wa kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo umesimama, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kwahiyo unaweza kumuokoa mtu kwa wimbo unaosema mwengine huyo kaanguka. Deacon alistaafu miaka ya 90 mwishoni na hajarudi.

Don't Stop Me Now ni ya kwanza, kura za mashabiki zinasema hivo

Inastahili tano bora na nimeiweka. Ila ujue ilipotoka 1979 ilifika namba 9 Uingereza na huko Marekani ikaishia 86, watu waliipenda zaidi baada ya kuingia miaka ya 2000. May mwenyewe hakuwa na raha nayo, alikuwa anamuona rafiki yake anaishi maisha ya kasi na kuyasherehekea, na ukijua yaliyofuata huwezi kuusikia kwa furaha ile ile. Hapo ndo mimi naipenda zaidi. Piano inakimbia kama gari lililokatika breki na dereva anacheka.

## Freddie na Unguja

Ni kweli Freddie Mercury ni Mzanzibari?

Kazaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazee wake Bomi na Jer ni Waparsi waliotoka Gujarat, dini yao ya Zoroasta, baba akiwa mtumishi wa serikali ya Waingereza hapa. Alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akiwa mdogo, huko ndo akajifunza piano na kuitwa Freddie, akarudi Unguja kwenye 1963 na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nzima ikahamia Feltham, pembeni ya London. Alikuwa na miaka 17.

Kwahiyo ndio, ni mtoto wa hapa. Lakini alipokuwa maarufu hakupenda kuyazungumzia haya, na sisi wenyewe nasi hatukuwa na haraka ya kumdai: 2006 kulikuwa na mpango wa sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake, Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa, wakapinga, ikafutwa. Makumbusho yake Shangani yamefunguliwa 2019. Watalii wanapiga picha mlangoni na mara nyingine mtoto anayepita na mkate anauliza huyu ni nani.

Sasa Zanzibar inasikika kwenye nyimbo zake?

Nimetafuta sana kwa sababu natamani jibu liwe ndio. Ukweli ni kidogo mno. Kuna Bismillah ndani ya Bohemian Rhapsody, neno ambalo mtoto aliyelelewa Mji Mkongwe analisikia kabla hajajua kusoma. Na kuna Mustapha, wimbo unaofungua albamu Jazz ya 1978, anaanza kama mtu anaadhini halafu roki inaingia, maneno ni Kiarabu na Kiajemi na maneno ya kubuni yamechanganywa, mpaka salam aleikum zimo. Ukiwa mtu wa huku unacheka kidogo na unashtuka kidogo. Kwenye orodha sijauweka hata ishirini bora, ni utani mzuri, utani hauoshewi vyombo mara mia.

Kiswahili? Hakuna. Usidanganywe na video za mitandaoni.

I Want to Break Free ni wimbo wa ukombozi Afrika Kusini au ni bendi iliyovunja mgomo?

Vyote viwili, na ndo maana ni ya tisa na sio ya tano.

Wimbo wa Deacon, mtu anataka kujitoa kwenye mapenzi ya uongo, basi. Wakatengeneza video wamevaa nguo za kike na Freddie anapiga vacuum na masharubu yake, Waingereza wakacheka maana ni dhihaka ya tamthilia yao ya Coronation Street, Wamarekani hawakucheka na kibiashara iliwaumiza kule. Lakini Afrika Kusini na Amerika Kusini watu waliokuwa chini ya tawala za mabavu wakauchukua ule mstari wa kutaka kuwa huru wakaufanya wao.

Na mwaka ule ule, Oktoba 1984, Queen wakaenda kupiga Sun City, kituo cha starehe Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa umetangaza mgomo wa wasanii dhidi ya ubaguzi wa rangi. Wakasema wao hawafanyi siasa na watazamaji watachanganyika. Chama cha wanamuziki Uingereza kikawapiga faini. Mimi siukubali utetezi wao, wenzao wengi walikataa pesa zile zile. Kuhusu sauti, lile solo la katikati watu wanadhani ni gita la May, ni sintesaiza imepigwa na Fred Mandel, na ni tamu kweli.

Ila si walijivunia kutotumia sintesaiza?

Walijivunia mpaka wakaandika kwenye majalada ya albamu za miaka ya 70. Sababu ni gita la May, alilitengeneza na baba yake kwa mbao za shelfu ya zamani ya sehemu ya moto wa nyumba, analipiga kwa sarafu ya Kiingereza ya peni sita badala ya plastiki, na linatoa sauti nyingi hivi kwamba watu walidhani ni mashine. Albamu ya The Game ya 1980 ndo ikafungua mlango. Hot Space ya 1982 mlango ukang'oka, lakini imeondoka na Under Pressure, kwahiyo tusiwasimange sana.

## Kesi ngumu

Kwenye filamu nimeona We Will Rock You imetungwa Freddie ana masharubu, mbona wewe unasema 1977?

Kwasababu ni 1977, na Freddie hakuwa na masharubu. Ile Bohemian Rhapsody ya 2018 ni filamu nzuri ya kulia na kalenda yake usiitegemee. Fat Bottomed Girls wanaipiga kwenye ziara ya mwanzo ya Marekani wakati ni ya 1978. Wanaonyesha bendi imevunjika kabla ya Live Aid, lile tamasha la hisani la 1985, kumbe walikuwa ndo kwanza wametoka kwenye ziara. Oscar ya Rami Malek aliyemuigiza Freddie ni halali yake lakini nyimbo zipange kwa masikio.

Live Aid unaihesabu? Si ndio shoo bora ya wakati wote?

Wembley, 13 Julai 1985, dakika kama 21, nyimbo sita, na walianza na Bohemian Rhapsody iliyokatwa hata kwenye opera haikufika. Uone ile mikono inapiga makofi kwa Radio Ga Ga ya Taylor, uwanja mzima kama ngalawa zinapiga kasia pamoja. Siihesabu. Nimepanga rekodi za studio, sio shoo, la sivyo orodha inakuwa ya Freddie kama mtu wa jukwaani na wenzake watatu wanapotea.

Sheria hii imemuumiza Love of My Life. Studio ni wimbo mzuri wa piano na kinubi, nimeuweka ya 11. Jukwaani ni May na gita moja, na Rio, Januari 1985, Freddie anaacha kuimba kwa sababu umati wa Wabrazili wanaimba wote, lugha sio yao, na hawakosei neno. Ile ingekuwa ya tatu.

'39 ndo nini? Sijawahi hata kuusikia redioni

Brian May ana udaktari wa fizikia ya anga, aliuacha kwa ajili ya bendi akarudi kuumaliza 2007. Huu kautunga na kuuimba yeye. Unausikia kama wimbo wa mabaharia, gita la kawaida, Deacon anapiga besi kubwa ya kusimama, unadhani watu wanapanda jahazi. Sikiliza maneno sasa: wanaondoka na chombo kwenda angani kutafuta dunia mpya, kwao wao safari ni mwaka mmoja, wakirudi huku duniani imepita karne kwa sababu ya ile hesabu ya Einstein ya muda na mwendo kasi. Baharia anamuangalia mtoto mbele yake na macho anayoyaona ni ya mke aliyemuacha. Dakika tatu na nusu. Kwa watu wa visiwani ambao kila ukoo una mtu aliyesafiri akarudi akakuta makaburi, huu sio wimbo wa sayansi.

Under Pressure ni ya Queen au ya Bowie? Na Barcelona je?

Ilitoka kwa majina yao wote, imo kwenye albamu ya Queen, naihesabu. Walikutana Montreux, Uswisi, 1981, kila mtu akavutia kwake, na inasimuliwa kwamba Deacon aliipata ile besi wakaenda kula, kurudi kaisahau, wenzake wakamkumbusha. Namba 1 Uingereza. Barcelona ni Freddie na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania, sio Queen, haimo. Wala The Great Pretender aliyoimba Freddie peke yake.

Nyimbo za na Adam Lambert, na hii Face It Alone?

Lambert ni wa jukwaani, kijana anaimba vizuri na hajifanyi Freddie, albamu mpya ya studio hawana. Face It Alone ilitoka 2022 lakini Freddie aliirekodi miaka ya 80 mwishoni. Nimeisikiliza vya kutosha. Ishirini bora hivi, labda 19.

The Show Must Go On unaipenda kwa wimbo au kwa huruma?

Swali la haki. Singo ilitoka Oktoba 1991, wiki sita kabla hajafa. May alimuonyesha zile noti za juu akiwa na wasiwasi kama mwili ule ataziweza, kwani alikuwa hata kutembea kunamsumbua, Freddie akapiga vodka akaziimba. Kuijua habari hii kunakubadilisha masikio, sikatai. Lakini mimi niliusikia kwanza kwenye kaseti ya rafiki wa kaka yangu, nikiwa sijui chochote, sijui kama kafa, nikadhani ni mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani. Kwahiyo namba 4 ni ya wimbo.

Mother Love mbona hukuipa namba, juu wala chini?

Ndio wimbo wa mwisho aliourekodi, Montreux, Mei 1991. Alikuwa anaomba maneno mapya haraka haraka ili awaachie cha kufanyia kazi. Akaimba beti, ukabaki ubeti wa mwisho, akamwambia May amechoka, atapumzika kidogo atarudi kuumaliza. Kwenye rekodi ukifika ubeti huo sauti inabadilika, ni May anauimba.

Nilijaribu kuupima mara moja. Nilizima simu nikamaliza vyombo kimya kimya.